Posa Iliyopitia Kwenye Kiingereza

Harufu ya limau iliyochanganyika na spiriti hunirudisha Keko mpaka leo. Nina chupa ya marashi ya namna hiyo mezani kwangu, pembeni ya kompyuta ninayofanyia kazi ya kutafsiri tamthilia za Kituruki kwenda Kiingereza na kusahihisha tafsiri za wenzangu, yale maandishi mnayoyasoma chini ya picha. Nikikwama kwenye usemi, na nakwama sana, naifungua, najimiminia kidogo kiganjani, nasugua mikono na kuinusa. Haisaidii kitu kwenye tafsiri, ila inanituliza.

Juzi nilikwama kwenye usemi ambao tunajuana nao tangu utotoni. Mama wa kwenye tamthilia amefiwa na mwanawe, anasema ini lake limeungua. Nilikaa nao asubuhi nzima. Kwa Kiswahili nisingehangaika, maana sisi mtu akisema maneno fulani yamemkata maini, hakuna anayemkimbiza hospitali. Kiingereza ndicho hakina ini. Kina moyo tu, na huo moyo wenyewe wameshautumia kwa kila kitu, kuanzia mapenzi mpaka kukariri shairi, hata umeisha nguvu. Nikaifunga kompyuta, nikafungua chupa.

Nyumba ya Bibi ilikuwa nyuma ya karakana za masofa. Tuliamka na sauti ya misumeno, tukanywa chai inayonukia vanishi, na vumbi la mbao lilituingia mpaka kwenye unga wa maandazi. Huyu Bibi ni mzaa mama yangu. Mama mwenyewe simkumbuki, alifariki sijaanza kutembea. Aliyenilea ni mdogo wake, Mamdogo Rukia. Nililala kitandani kwake, upande wa ukutani, akanisuka kila Jumapili na kunipiga kofi la mgongo kila nilipotikisa kichwa. Watu wakiniuliza mama yako nani, nilimwonyesha yeye kwa kidole.

Mamdogo alifanya kazi kwenye duka la vitambaa vya masofa, mali ya Mturuki mmoja mzee na mkewe. Miaka ilivyokwenda akaokota lugha yao, kwanza rangi na mita, halafu salamu, halafu umbea wote wa mke wa tajiri. Jioni aliniletea maneno kama wengine wanavyoletewa pipi. Alinifundisha kwamba Waturuki wakimkuta mtu anafanya kazi humwambia *kolay gelsin*, ije kwa wepesi. "Si ndiyo pole na kazi," nikamwambia. Akafurahi, akanibusu utosini. Aliyepika huambiwa mikono yako iwe na afya, na mie nikawa namwambia Bibi hivyo kila baada ya ugali, mpaka akaniuliza kama nimeona kidonda mkononi mwake.

Kisha akaja Selim, mpwa wa yule tajiri, kijana mrefu mwenye haya, aliyekuwa anakuja na mizigo na kurudi kwao. Safari zake zikazidi kuongezeka, ingawa mizigo haikuongezeka. Hatimaye Mamdogo akamwambia Bibi kwamba Selim anataka kuleta posa, na akikubaliwa wataishi kwao Uturuki.

Bibi hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Huko akiumwa, nani atampelekea uji?" Kwa siku kadhaa hilo likawa jibu lake kwa kila kitu. Mie moyoni nilikuwa upande wa Bibi kabisa. Kila usiku nilikishika kitenge cha Mamdogo kwenye pindo nikidhani hata usingizini sitakiachia.

Posa zetu mnazijua. Huja mshenga na wazee, bwana harusi haonekani, na anayeposwa anakaa chumbani hata kukohoa hakohoi. Wenzetu wakatuma habari kwamba anakuja mama mtu mwenyewe, Bi Nermin, pamoja na mwanawe Selim. Mama hajui lugha nyingine zaidi ya yake. Tajiri wa duka, ambaye angeweza kusaidia, alikuwa amekwenda kwao na mkewe kutibiwa. Mamdogo akapendekeza kwa sauti ndogo kwamba yeye angeweza kutafsiri.

"Wee!" Bibi akasema. "Wapi umeona anayeposwa akawa mkalimani wa posa yake? Watasema umejiuza mwenyewe na chenji umerudisha."

Basi ikapangwa kwamba Bi Nermin atasema Kituruki, Selim atakigeuza Kiingereza, na Mjomba Hashimu atakigeuza Kiswahili. Mjomba, kaka yake Mamdogo, alikuwa mwalimu wa Kiingereza kwenye sekondari moja ya Mbagala, na ndiye aliyesimama mahali pa marehemu babu. Alikipenda Kiingereza kama wengine wanavyopenda mpira. Hakutaka kuaibika, kwa hiyo wiki ile alikuja kila jioni kufanya mazoezi. Mamdogo alimpa semi ambazo mama mkwe wake mtarajiwa huenda akazisema, na Mjomba akautafutia kila mmoja mwenzake wa Kiingereza, nami nikiwa katikati nimeshika bakuli la karanga.

Hapo ndipo nilipoionja kazi hii kwa mara ya kwanza. Mamdogo akasema Waturuki humwita mtoto mpenzi mboni ya jicho.

"Hiyo rahisi," akasema Mjomba. "Kwa Kiingereza ni tofaa la jicho."

"Tofaa?" nikauliza. "La kula?"

"La kula."

"Limeingiaje kwenye jicho?"

"Waulize wenyewe," akasema Mjomba, akachota karanga.

Ilipofika *kolay gelsin*, Mjomba akatoa usemi wa Kiingereza unaomtaka mtu asijichoshe. Mamdogo akacheka mpaka akashika ukuta. "Braza, hapo hujampa pole. Umemwambia apunguze kazi." Mjomba akafikiri, akajaribu mwingine, ukawa wa kumtakia mtu bahati, kana kwamba anakwenda kucheza kamari. Usemi baada ya usemi tuliona mambo yaleyale, kwamba Kituruki na Kiswahili vilikuwa majirani wa kuombana chumvi, na Kiingereza kilikuwa mgeni aliyewekwa katikati ya uzio.

"Sasa kwa nini tunapita huku?" nikauliza.

"Kwa sababu bibi yako kasema," akajibu Mamdogo, na kicheko kikamwishia.

Siku ikafika. Bi Nermin alikuwa mama mfupi, mnene wa mikono, amefunga kitambaa cha maua kichwani. Bibi akawapokea na mrashi, akawanyunyizia maji ya waridi. Bi Nermin akatabasamu, akafungua mkoba, akatoa chupa ya marashi ya limau na kumimina kwenye viganja vya kila mtu, kama wafanyavyo kwao. Mjomba hakujua kwamba ni ya mikono tu. Akajipaka uso mzima mpaka kwenye macho, kwa hiyo akaanza kazi ya ukalimani machozi yakimtiririka. Waridi na limau vikachanganyika sebuleni, na nikakimbilia chumbani kumsimulia Mamdogo.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, nyuma ya pazia, amejifunga khanga mpya. Nikakaa miguuni pake. Tukasikiliza.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Bi Nermin alipoanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Bibi aliitikia bila kungoja mtu. Kisha maneno yakaingia kwenye Kiingereza, na yalipotoka huko yakawa yamepungua. Bi Nermin alizungumza kwa kirefu, Selim akatamka sentensi mbili, Mjomba akatoa moja. Kumbe Selim naye Kiingereza chake kilikuwa cha mizigo na bei, na woga ulishakimaliza hicho kidogo. Hayo mazoezi ya tofaa hayakumfaa mtu.

Mwishowe Bibi akasema lile lililomkaa. "Mwulize, Hashimu. Mie mwanangu mmoja nimeshamzika. Na huyu akinichukulia, ninabaki na nini?"

Swali likasafiri. Nikachungulia pembeni ya pazia. Bi Nermin aliinamisha kichwa, akaweka mkono ubavuni, chini ya mbavu za kulia, akaanza kusema taratibu huku sauti ikimkatika. Selim aliangalia mkeka. Akasema Kiingereza kifupi sana.

"Anasema," Mjomba akasema, akipangusa macho yake ya limau, "naye alifiwa na binti yake. Alisikitika sana. Anasema atamtunza Rukia vizuri."

"Alisikitika sana," Bibi akarudia. Aliisema kama mtu anayesoma tangazo. Nilimjua Bibi. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kukunja ncha ya khanga, na akikunja khanga hivyo ujue jawabu ni hapana.

Nyuma yangu nilisikia Mamdogo akinong'ona, kwa Kiswahili, khanga mdomoni. "Hakusema hivyo. Amesema, mie nimemzika binti yangu, ini langu likaungua, na mpaka leo linafuka moshi. Mama aliyeungua ini hawezi kuliunguza la mwenzake. Mwanao nitakuletea umwone, na nikishindwa kumleta nitakuja kukuchukua wewe. Hivyo ndivyo alivyosema." Machozi yalimdondoka kwenye khanga mpya. Hakunitazama wala hakunituma.

Kwa nini nilinyanyuka, mpaka leo sina jibu la kuridhisha. Nadhani niliumia tu kusikia maneno mazuri yakiharibika njiani, na mie ninayo mazima. Nikapita chini ya pazia, nikaenda mpaka mbele ya Bibi.

"Bibi, hakusema alisikitika. Amesema ini lake liliungua alipomzika binti yake, na bado linafuka moshi. Anasema hawezi kuliunguza la kwako. Mamdogo atamleta umwone. Akishindwa, atakuja kukuchukua wewe."

Mjomba akakaa wima.

"Nani kakwambia?" Bibi akauliza.

"Mamdogo. Lakini hajatoka, Bibi. Yumo ndani."

Bibi alinitazama kwa muda mrefu. Sijapata kutazamwa vile tena. Kisha akainuka, akavuka mkeka, akakaa ubavuni mwa Bi Nermin bega kwa bega, akamshika mkono.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Pole sana, mama."

Selim akafungua mdomo kuanza Kiingereza chake. Mama yake akamzuia kwa mkono. Akamjibu Bibi kwa lugha yake, maneno ambayo nilifundishwa nikisukwa, yale wanayompa mfiwa. Wakaendelea hivyo, huyu kwa Kiswahili na huyu kwa Kituruki, wakipangusana machozi kwa pindo za vitambaa vyao. Mjomba Hashimu, aliyekosa kazi ghafla, akavuta sahani ya kashata.

Baadaye Bibi akasema, "Hashimu, waambie tumekubali." Nilifurahi kupita kiasi. Bi Nermin alinimiminia limau viganjani mara mbili, Mjomba akaniita profesa, na majirani wote walisimuliwa jinsi nilivyotafsiri.

Nikaja kuelewa nilichokifanya ndoa ilipokwisha fungwa na Mamdogo akaondoka. Jumapili ya kwanza nilikaa kibarazani na kitana mkononi, nikingoja. Bibi macho yalishapungua nuru, akanisuka mstari ukaenda kombo, tukafumua, tukaanza upya, ukaenda kombo tena. Nilikwenda shule na kichwa kilichosukwa nusu. Kitandani nililala katikati, nikaona ni kipana mno. Nilimkosa Mamdogo mpaka nikaumwa homa, na uji nililetewa na Bibi. Nilikuwa nimeyabeba kwa mikono yangu mwenyewe maneno yaliyomchukua.

Bi Nermin alitimiza ahadi. Mamdogo alikuja, na watoto wake wanaosema Kiswahili cha Keko kwa lafudhi ya kwao. Bibi naye alichukuliwa, akarudi akilalamika kwamba huko chai wanainywea kwenye vibilauri na hawaweki iliki. Mie nikasoma lugha ile kwa bidii, kwanza nipate kuzungumza na binamu zangu, kisha ikawa ndio riziki yangu.

Miaka imepita mingi. Siku moja, Bibi akiwa ameshazeeka na mie ndiye ninayemsuka, nilimwuliza kuhusu siku ile ya posa. Nilitaka anisifie kidogo, nakiri. Nilimwuliza kama ni ule usemi wa ini uliombadilisha.

"Ini?" akasema. "Lile lilinigusa. Lakini mie kukataa nilikuwa sikatai kwa ajili yangu."

Nikaacha kusuka.

"Nilikuwa nakataa kwa ajili yako. Nilisema, mtoto huyu mama yake kaondoka hajamjua. Sasa namtoa na huyu wa pili? Hapana. Aolewe hapahapa mjini, hata Buguruni. Halafu nakuona unatoka chumbani kwa miguu yako, unakuja kumsemea mkwe. Nikasema basi, mwenyewe kamruhusu. Mtoto kaniambia nimwachie." Akapapasa nyuma mpaka akaupata mkono wangu. "Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na moyo mkubwa."

Mimi sikuwa nimemruhusu mtu yeyote. Nilikuwa nimebeba sentensi tu, nzima kama nilivyopewa, na Bibi akasoma ndani yake sentensi nyingine ambayo sikuisema. Ningeijua bei yake, ningebaki nyuma ya pazia na kukishika kile kitenge kwa mikono yote miwili. Maneno yalinifika mpaka kwenye ulimi.

Lakini Bibi alikuwa anatabasamu, na kwa miaka yote ile alikuwa amelala vizuri akiamini kwamba hakuninyang'anya mtu. Nikachukua kitana, nikamalizia mstari. Kazi yangu ni kusahihisha tafsiri za watu, na ile sikuigusa.