Baiskeli ya mbio iliyokutwa darini Kasulo, na fundi aliyeifufua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Malori ya kwenda Sandoa bado hayajaanza kutimua vumbi, na Djamila Hassani ameshaipindua baiskeli ya muuza makaa, magurudumu juu, anakaza spoku moja baada ya nyingine. Mwenye mali, Kabeya, amesimama kando ya magunia yake. Subira imemwisha.

“Mama Djamila, kinga haiyaisha?” anauliza. Hapa Kolwezi, kusini mwa Kongo, baiskeli huitwa kinga, makaa huitwa makala, na mwanamume wa heshima Tata.

“Mungoje kidogo, Tata. Breki haishike. Na ule mulima, mutafika ku soko mbele ya makala yenu.”

Kabeya anacheka, anakaa juu ya gunia.

Djamila ana miaka arobaini na miwili, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kando ya barabara hii. Baba yake, msafirishaji aliyetoka Kasongo, alikuwa na baiskeli nne za kukodisha, na binti ndiye aliyezitengeneza. Mzee alipofariki baiskeli ziliuzwa, wateja wakabaki na Djamila. Kuziba pancha moja ni franka 1,500. Siku ikiwa nzuri, akitoa gharama ya gundi na viraka, anarudi nyumbani na franka 18,000.

Baiskeli zinazomjia ni za kazi: nzito, zimeongezwa vyuma ili zibebe magunia. Ndiyo maana siku ile mwaka jana alishtuka.

Kule mtaa wa Kasulo palikuwa na nyumba iliyochimbwa kobalti chini yake mpaka kuta zikapasuka. Wabomoaji walipong'oa mabati walikuta fremu ya baiskeli imefungwa kwa waya kwenye mbao za dari, imezungushiwa turubai. Magurudumu hayakuwepo. Waliileta kwa Djamila na kumuuzia kwa bei ya chuma chakavu.

“Niliinua na kidole moja,” anakumbuka. “Nikasema, hii si kinga ya makala. Hii ni kitu ingine.”

Juu ilikuwa imepakwa rangi nzito ya kijani, ya milango. Djamila aliigonga fremu kwa ufunguo, ikalia kama kengele: bomba jembamba, chuma kizuri. Alijaribu kuingiza nguzo ya kiti ya kawaida, ikachezacheza ndani. Akapima kwa kalipa: tundu lilihitaji nguzo ya milimita 27.2, na vipimo vya namna hiyo huwa vya baiskeli za mbio.

Kikombe cha upande wa kulia, pale pedali zinapozungukia, kilimtesa siku mbili. Alikimwagia mafuta, akakizungusha upande aliouzoea, kule zinakofungukia baiskeli nyingine zote alizowahi kushika. Hakikusogea. Siku ya tatu akapima upana wa bomba linalokishika kikombe. Badala ya milimita 68 za kawaida, zilikuwa 70.

“Ni bipimo ya Italia,” anasema. “Kule banafungulia upande ingine. Siku mbili mi nilikuwa nakaza tu, mi mwenyewe!” Anajicheka hadi anafuta machozi kwa mkono wenye grisi.

Kikombe kilipotoka, alianza kukwangua rangi, na hapo ndipo alipouona ufa. Ulikuwa chini ya bomba la mbele, karibu na maungio, mwembamba kama unywele. Wachomeleaji wa mtaani wangeliunguza bomba lile kwa moto wao mkali. Akapanda lori hadi mji wa Tenke, kwa Tata Tshiamala, mstaafu wa karakana ya reli anayejua kulehemu kwa shaba ya njano na unga wa boraksi.

Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka. Akamkabidhi Djamila moto.

“Akaniambia, ‘Toboa kwanza tundu kidogo ku mwisho ya ule ufa, ili ufa usiendelee kukimbia. Kisha usiangalie moto. Angalia chuma. Kikiwa rangi ya embe ya kuiva, weka shaba.’ Niliogopa sana. Nikaweka.”

Siku nzima iliyofuata alisugua kwa tupa.

Habari zilienea. Mhandisi mmoja wa kigeni alikuja kuitazama, akaahidi dola mia sita ikikamilika. Kwa Djamila na mumewe Asani, dereva wa lori, hizo zilikuwa mabati mapya. Yaliyopo yanavuja juu ya kitanda cha watoto. Alikubali.

Jumatatu moja, akimalizia kukwangua bomba la juu, herufi nyeupe zilijitokeza chini ya kijani. BADIBANGA K.

Djamila aliweka kikwangulio chini.

Lilikuwa jina la Kikasai. Mwaka 1993, familia za asili ya Kasai zilipofukuzwa huku Katanga na kuacha nyumba zao, yeye alikuwa na miaka kumi. Anakumbuka watu waliojaa stesheni, na mama yake akiwapelekea sufuria ya wali. Anakumbuka pia dawati la shule. “Tulikuwa tunakaa wawili. Nikabaki mi moja.”

Rangi mpya ilikuwa mezani, tayari. Mkono mmoja tu wa brashi, na hakuna ambaye angejua.

“Nilifikiria,” anakiri. “Nisikudanganye. Nilifungua mpaka kopo.”

Akalifunga. Akaenda kwa jirani yake, Mama Fidélie, anayeuza mkate na kuimba kwaya ya parokia, akamwomba aulize kanisani jina lile. Asani aliposikia alikasirika: “Mabati itatoka wapi? Ile kinga ulinunua! Uliiba?” Wiki nzima hawakuongea vizuri.

Baada ya Jumapili mbili, Djamila akiwa ameshaivisha fremu magurudumu na vipuri vingine, mwanamke mwenye sare ya duka la dawa alisimama mbele ya meza yake. Alijitambulisha kama Laure Mbombo. Alisoma herufi zile, akaziba mdomo kwa kiganja.

“Ni papa yangu,” alisema. “Alikuwa anatuambia aliacha kinga yake mu plafond, kule darini. Siye tulikuwa tunacheka.”

Baba yake, Badibanga Kalombo, mchimbaji wa zamani aliyekuwa akishindana mbio za baiskeli kila Jumapili, ana miaka sabini na tisa. Alirudi Kolwezi mwaka 2006, akaishi kwa binti yake, kilomita mbili tu kutoka nyumba yake ya zamani. Hakuwahi kukanyaga Kasulo.

“Ningeenda kuomba nini?” mzee alimwambia Djamila, alipoletwa kuiona baiskeli. “Kugonga ku mulango yangu mwenyewe, na kusema hodi?”

Hakulia. Aliomba baiskeli ipinduliwe, akapitisha kidole gumba chini ya bomba la mbele, taratibu, mara mbili.

“Hapa palikuwa ufa. Nilianguka mu kona. Uko wapi?”

Djamila alikishika kidole cha mzee, akakiweka mahali penyewe.

“Sisikie kitu,” alisema mzee. Akaangalia huku na huko. “Fundi ni nani?”

“Ni mi, Tata.”

Mzee akavua kofia.

Laure alitaka kukodi pikipiki. Mzee alikataa. Aliisukuma baiskeli kwa mikono yake, na badala ya kufuata njia fupi, akaingia Kasulo. Laure anasema alisimama kidogo palipokuwa na nyumba yake, ambapo sasa ni shimo lenye maji, halafu akaendelea mpaka nyumbani.

Dola mia sita hazikupatikana. Familia ilirudisha gharama za vipuri na kumletea Djamila gunia la mahindi. Mabati bado yanavuja. Asani ameyaziba kwa lami, na sasa ndiye anayewasimulia abiria wake habari hizi, kwa majivuno.

Lakini tangu hapo watu watatu wamemletea fremu zenye nyufa, na Tata Tshiamala amekubali kumuuzia mitungi yake ya gesi kwa malipo ya kidogo kidogo. Mwezi ujao Djamila ataenda Tenke wiki nzima kujifunza kukata bomba na kuunga fremu tangu mwanzo. Ya kwanza ameshaichora kwa chaki ukutani.

Ni ya mteja gani? Anakunja uso kama aliyeulizwa swali la ajabu.

“Miaka yote hii sijakuwa na kinga yangu,” anasema, akimrudishia Kabeya ya kwake, breki zimeshika. “Ile itakuwa ya mi. Nitapanda mpaka Tenke kumuonyesha mzee.”