Wimbo wa Deo Ulivyopata Jibu Kyebando

Nilikwenda Kampala kusikiliza sauti ya mdogo wangu. Deo aliugua kifua kwa muda mfupi akafariki, na hapa Bukoba hatukuwa na wimbo wake hata mmoja uliorekodiwa. Alipiga bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, akiimba kwa Kiswahili. Baada ya msiba, kijana mmoja wa Kampala aitwaye Twaha alitupigia simu. Alisema Deo alimwachia wimbo, na yeye ameuchanganya na hip hop na muziki wa kompyuta, lakini hautoi mpaka familia iusikie. Mama akaniambia, "Nenda wewe. Kama wamemfanyia mzaha, waambie wafute." Wangefuta, sauti ya Deo isingebaki popote. Nilisafiri na mzigo huo.

Mutukula tulishuka basi, tukagongewa mihuri, tukavuka mpaka kwa miguu. Ng'ambo, jirani yangu wa kiti, mama wa Kiganda mwenye mdomo mwepesi, aliniuliza naenda harusini au msibani. Nilimwambia sijui.

Lukaya, baada ya Masaka, wachuuzi walijaa madirishani na mishikaki na gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma. Yule mama alininunulia gonja bila kuniuliza. Alisema uso wangu ulikuwa unamharibia safari, afadhali nitafune kitu. Nilikula yote.

Kisenyi, mtaa wa Kampala, mchana, Twaha alikuwa kituoni akinisubiri. Amezaliwa mtaa huo huo. Mababu zake walitoka pwani kufanya biashara, na Kiswahili chake kimenyooka. Aliniamkia shikamoo, akanipa pole, kisha akanichukulia begi. Nilimpenda kwa hilo. Tulipanda bodaboda mbili hadi Kyebando, mtaa mwingine wa jiji.

Kyebando, studio ni chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka. Kuta zimefunikwa kwa magodoro ya zamani ili kelele za barabarani zisiingie. Ndani alikuwamo msichana aitwaye Sanyu, mwimbaji wa hip hop, suruali imechanika magotini na vipokea sauti vya masikioni viko shingoni. Aliponiona alipiga magoti sakafuni kunisalimu, kama Waganda wanavyowasalimu wakubwa. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Hasira ikapungua hapo hapo.

Twaha akabonyeza. Kwanza ilikuja ngoma, nzito, pigo kwa pigo. Nikamwambia kwamba Deo hakuwahi kupiga ngoma.

"Huo ni mguu wake, dada," alisema Twaha. "Alikuwa anakanyaga sakafu akipiga gitaa. Mimi nimeukuza tu."

Nilisogeza kiti karibu. Kisha gitaa likaingia, na Deo mwenyewe: "Mahali pako pamepoa, nani atapakalia?" Bluzi ya kale huenda hivyo: mtu anasema jambo, analirudia, kisha mstari wa tatu analijibu. Deo alisema, akarudia. Mstari wa tatu hakuwa nao. Twaha alinieleza kwamba Deo alimwambia jibu bado halijamjia, wakaacha nafasi.

Kwenye nafasi hiyo ndipo Sanyu alipoingia, maneno yakimtoka haraka na kwa ukali, Kiganda na Kiswahili pamoja, huku sauti za kompyuta zikipanda nyuma yake kama mvua juu ya mabati. Mimi Kiganda nakipata nusunusu kwa sababu ya Kihaya changu. Nilisikia ente, ente, ng'ombe juu ya ng'ombe. Ng'ombe wamefungwa mlangoni, bwana harusi haonekani.

Nikauliza ng'ombe wametoka wapi.

"Si za mahari?" alisema Sanyu. "Yeye anasema mahari yako imepoa. Mimi namjibu: mahari iko hapa, rudi uoe."

"Anasema mahali," nilimwambia. "Mahali pako. Pa kukaa."

"Kwetu hiyo ni moja tu," alisema taratibu, maana Kiganda hakitenganishi r na l.

Twaha alifunika uso kwa mikono. Alikiri kwamba alimsikia Sanyu akisema mahari tangu siku ya kwanza, akadhani anatamka mahali kwa ulimi wa Kiganda. Sanyu naye alidhani "pako" badala ya "yako" ni Kiswahili cha Tanzania tu.

Nilianza kucheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi, na kicheko kilitoka na machozi, wote wawili wakaogopa.

"Pore sana, nnyabo," Sanyu alisema, yaani pole sana, mama. "Nafuta yote. Naandika upya."

Nikamwambia asifute. Deo alijifunza bluzi kwenye kanda za Kiingereza, na Kiingereza hakujua. Alikuwa akiimba alichodhani kimesemwa, nasi tukidhani ni chenyewe. Huyu binti alikuwa amemfanyia Deo kile ambacho Deo aliwafanyia wale wazee wa Marekani, tena kwa moyo wote. Lakini neno la mwisho lilikuwa la mama, na niliwaambia hivyo.

Kesho yake nilirudi Bukoba na wimbo kwenye simu. Mama aliisogeza simu sikioni, akasikiliza hadi mwisho. Akauliza huyo binti anasemaje. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kosa.

"Kwa hiyo anamwambia arudi," alisema mama.

"Ndiyo, mama."

Akanirudishia simu. "Mimi pia ningemjibu hivyo," alisema. "Waambie watoe."

Nilimwandikia Twaha jioni hiyo. Nilikwenda Kampala nikidhani wanaomlilia Deo sawasawa ni sisi tuliomzika. Kumbe yupo mtu Kyebando aliyemsikia vibaya, na bado akamwita arudi.