Sindano Mbele ya Mizani

Mnisamehe mwandiko huu na herufi zitakazokosewa. Niliishia darasa la saba na huandika taratibu. Sijazeeka, ila kazi ya kubeba pamba kwenye kituo kimoja cha ununuzi huko Dutwa nimeistaafu, na nataka wadogo zangu wajue ilivyokuwa.

Siku ya kwanza nilifika alfajiri na chupa ya uji na sindano yangu. Nina kisukari tangu utotoni. Kongosho langu halitengenezi insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini ifanye kazi. Nimeinua fulana nichome tumboni kabla ya uji, Karani Mkuu wa kituo akanikuta.

"We kijana, wakulima wakikuona watasema kituo changu kimejaa mateja."

Wenzangu wakacheka, mmoja akaniita Daktari. Mimi ni mtu wa aibu, nikashusha fulana.

Kwetu wengi huamini sukari huingia kwa mdomo tu: usipokula, huna haja ya kuchoma. Nami niliamini hivyo. Nikaacha uji, nikaacha sindano ya asubuhi, hata ya jioni nikaipunguza. Nilibeba magunia na njaa yangu nikijiona nimemzidi Karani akili. Haikuchukua muda, kiu ikanishika, nikawa nakojoa kila mara, kisha nikatapika na kuanguka juu ya pamba.

Nilizinduka hospitalini Bariadi. Nikamuuliza muuguzi wa zamu kwa Kisukuma chetu: mayu, mama, sukari imetoka wapi na mimi sikula?

"Kwenye ghala lako mwenyewe, ng'wanawane, mwanangu," alisema. "Kwenye ini."

Akanieleza kwamba mtu akila, insulini huliambia ini liweke akiba ya sukari. Akikaa na njaa au akibeba mizigo, homoni nyingine, glukagoni, hulifungua ghala ili damu isipungukiwe. Kwa asiye na kisukari, insulini husimama mlangoni kuzuia isitoke kupita kiasi. Kwangu mlangoni hapakuwa na mtu. Sukari ilimwagika na misuli haikuweza kuitumia, mwili ukayeyusha mafuta, damu ikajaa asidi. Alisema ningechelewa kidogo, ningezikwa.

Nilirudi kituoni. Nikakaa juu ya gunia mbele ya mizani, wakulima wamepanga foleni, nikapima damu, nikachoma, nikafungua chupa ya uji. Karani Mkuu akanitaka nichague, kazi au sindano.

Nikanywa funda moja. "Nimeshachagua, mkubwa. Nikimaliza uji nabeba."

Mama mmoja kwenye foleni akamwambia aendelee kupima pamba, kijana anakula.

Nilibeba mpaka msimu ukaisha. Msimu uliofuata sikuitwa. Sasa nalima choroko, na nachoma sokoni, kanisani, popote saa inaponikuta. Anayeona haya ageuke yeye.

Wewe unayechoma kwa kujificha chooni, au unayeruka sindano kwa sababu hujala, niandikie. Niambie nani anakukataza, na lini utachoma mbele yake.