Wazazi Wanne Niliowaacha Kilimani

Asubuhi hiyo nilikuwa napima watoto uzito. Kituo chetu cha afya kilikuwa juu ya kilima huko Burundi, mwendo wa siku mbili kwa miguu hadi mpaka wa Tanzania. Mimi ni mtu wa Itigi. Kanisa ndilo lililonipeleka kule kuuguza. Spesioza, mkunga mwenyeji, alikuwa akinisahihisha Kirundi changu mbele ya akina mama, nao wakicheka. Wodi ya wazazi ilikuwa na wanne, mmoja uchungu umeshamshika.

Mara tukasikia milio ya risasi bondeni. Akina mama wakafunga watoto mgongoni.

Kisha tukaona moshi.

Spesioza akanishika mkono. "Ondoka na hawa wanaoweza kutembea."

"Na wazazi?"

"Nabaki nao mimi."

Sikubisha.

Tulipita kwenye migomba, tukavuka mto maji yakiwa kifuani. Nilifika Ngara, upande wa Tanzania, na akina mama tisa na watoto wao. Watu waliniita shujaa. Mimi niliwaza wale wanne tu.

Nilirudi nyumbani kwa treni. Miaka ile kila mwenye mtaji kidogo alikuwa anafungua biashara, nami nikafungua duka la dawa baridi karibu na stesheni. Wodi ya wazazi sikutaka kuiona tena.

Miaka ikapita. Siku moja akaja mhadhiri wa chuo kikuu, Dokta Mwanaidi, akitafuta walioona vita kwa macho yao. Akaandika maelezo yangu na jina la kile kilima, akaenda kuuliza kwenye kambi za wakimbizi. Baadaye akaniita Dar es Salaam, kwenye kongamano la usalama na misaada ya kibinadamu.

Wasomi walizungumza vizuri kuhusu mipaka na mataifa. Kisha mmoja akasoma ripoti kuhusu kilima chetu: "Katika kilima hicho, wahudumu walikimbia na kuacha wagonjwa."

Nikasimama bila kuitwa. "Aliyekimbia ni mimi," nikasema. "Mwenzangu alibaki."

Nikakaa.

Wakati wa chai, Dokta Mwanaidi akaniletea mwanamke mmoja. "Dada, nisamehe. Nilitaka mkutane tangu jana, ila basi lake kutoka Kigoma lilichelewa."

Yule mwanamke alinitazama sana. "Mimi ndiye niliyekuwa na uchungu," akasema.

Akanisimulia kwamba Spesioza aliwaficha wote wanne kwenye mibuni nyuma ya kituo, na mtoto akazaliwa humo. Kisha akarudi ndani kuchukua wembe na uzi wa kitovu.

Hakutoka.

"Na wengine?"

"Tulivuka wote, dada. Mwanangu yuko darasa la kwanza."

Nililia, nikacheka, nikasikia njaa. Nikala maandazi matatu nimesimama, kifua kimekuwa chepesi kama cha mtu aliyetuliwa gunia.

Walipoandika maazimio, niliomba jina la Spesioza litajwe. Mwenyekiti akanijibu kwa upole kwamba maazimio hayataji watu. Dokta Mwanaidi akaliandika kwa kalamu juu ya nakala yake.

Mwezi uliofuata nilifunga duka, nikaomba kazi wodi ya wazazi. Huenda kama ningebaki, angepona yeye. Huenda tungekufa wawili. Hilo sitalijua. Ninachojua ni kwamba Spesioza hayupo, na wale wanne wanalea watoto wao.