Bolti za Kiti cha Nyuma

Grisi ikinukia uani, najua Bibi kashika lile kopo la bolti tena. Hapo namwona tena baba mdogo kama siku ile, kalala chini ya kigari chake, anakaza springi kwa ajili ya mashindano ya magari ya Kibondo. Kiti cha nyuma alikuwa amekifungua ili gari liwe jepesi, bolti zake kazitia koponi, chenyewe kakiegemeza ukutani jikoni. Bibi, mama yake, akaja anaburuta gunia la maharage.

"Weka nyuma, gari lisiteleze kwenye tope. Pikapu zote za Kasulu zinafanya hivyo."

"Mama, hili linavutwa na matairi ya mbele! Nyuma pakiwa pazito, mbele panaelea, gari halikati kona. We kalia hicho kiti, nikirudi nakifunga."

Mimi nilishakidandia, napiga honi kwa mdomo. Baba mdogo akacheka, akaliacha gunia, akaondoka.

Jioni gari lilirudi juu ya lori, limepondeka. Yeye hakurudi.

Siku hizi mgeni akija namwonyesha kile kiti, bado kinanuka petroli. "Karibu daraja la kwanza!" Watu wanacheka. Bibi anaendelea kupaka grisi bolti zake, moja moja, zisishike kutu.