Mchaga wa Toronto anayesubiri kuvuliwa ujane kisiwani Samosir

Saa moja kasorobo asubuhi, katika jiko la nyumba ya kulelea wazee huko Agincourt, Toronto, Dorotea Massawe amekwisha kumenya ndoo nzima ya vitunguu na sasa anavikata. Kisu kinakwenda mbio kuliko maneno yake. Supu hiyo italiwa mchana na wazee wasiojua kwamba mama huyu mnene, mwenye kofia ya wavu kichwani, alikuwa mkulima wa vitunguu.

"Hivi vya huku ni vikubwa lakini havina kitu," anasema, akikisukuma kimoja kwa ncha ya kisu. "Vyetu vilikuwa vidogo, vyekundu. Ukimenya kimoja, majirani wote wanajua leo unapika."

Akisema "vyetu" utadhani anaizungumzia Machame, alikozaliwa miaka arobaini na minne iliyopita. Wapi! Anazungumzia Samosir, kisiwa kilichoko katikati ya Ziwa Toba, Sumatra, nchini Indonesia. Huko ni kwa Wabatak, na Mchaga huyu ni binti yao, ana ukoo na ana wazazi.

Mambo yalianza mwaka 1999, Parulian Simbolon, bwana shamba wa Kibatak, alipoletwa na kanisa kufundisha kilimo Machame. "Alikuja kutufundisha matuta, akaondoka na mwalimu wa chekechea," Dorotea anasema na kucheka mwenyewe.

Kwa mila ya Wabatak, asiye na ukoo wao haolewi. Ndipo mjomba wa Parulian, kaka wa mama yake, alipojitokeza mbele ya watu na kusema mgeni huyu atakuwa mwanawe. Tangu siku ile ya mwaka 2001, Dorotea ni wa ukoo wa Sinaga, na mzee huyo humwita Amang, yaani baba.

Kijiji walichokwenda kuishi huko Samosir kinaitwa Lumban Sihala, na ni kidogo kweli. Kina safu mbili za nyumba za mbao zinazotazamana, mapaa yake yamepinda na kuchongoka mbele na nyuma, na katikati kuna uwanja unaofagiliwa kila asubuhi kabla ya kuanikwa mpunga. Mianzi iliyopandwa na mababu imekizunguka kote. Nje ya mianzi mashamba yanashuka ngazi kwa ngazi hadi ziwani, nyati wamelala kwenye matope, na makaburi ya saruji yamesimama katikati ya mpunga, mengine mazuri kuliko nyumba za walio hai. Jioni wanaume hunywa tembo na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti nne, na hakuna anayeona ajabu.

"Mwaka wa kwanza nilipanda mpunga nikienda mbele, kama mtu anayepanda mahindi," anasimulia. "Nikawa nakanyaga kila nilichopanda! Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye tope. Amang hakucheka. Alikunja suruali akaingia majini, akanionyesha, akasema, 'Mwanangu, hapa mtu hupanda akirudi nyuma.' Siku ile nikajua nina baba."

Alilima huko miaka sita: mpunga msimu wa mvua, vitunguu msimu wa jua. Jacqueline, mtoto wake wa pekee, alizaliwa katika kijiji hicho mwaka 2004. Miaka mitatu baadaye Parulian alipata kazi ya ghala hapa Toronto, wakahamia Weston, katika ghorofa za zamani kando ya mto Humber. Walikusudia kurudi.

Novemba 2014, moyo wa Parulian ulisimama akiwa usingizini. Alizikwa hapa hapa, ardhi ikiwa imeanza kuganda.

Kwa Wabatak, mke akifiwa, wazazi wake humfunika kichwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Baada ya mazishi wao hao humfunua, humnawisha uso na kumlisha wali. Kuanzia hapo yuko huru kurudi shambani, kuimba na kucheka na wenzake. Amang hakuweza kusafiri. Alituma kitambaa kwa posta, na Mbatak mmoja wa Toronto akamfunika Dorotea kwa niaba yake. Simu ya mzee ilikuja siku ile ile: "Kufunika nimemwachia mwenzangu. Kufunua, nitafunua mwenyewe."

Mwaka na nusu amekuwa akidunduliza nauli ya kumfuata. Sasa ni Mei 2016, na Dorotea hajafunuliwa.

Kitambaa hakai nacho kazini, bila shaka. Kimekunjwa kabatini, na hukivaa nyumbani akisali. Lakini maisha yake yamefunikwa. Alikuwa sauti ya pili katika kwaya ya Walutheri wa Tanzania, akaacha. Wenzake wa kanisani walikwisha kuondoa matanga kwa chakula na sala, wakamwambia msiba umeisha. Aliwashukuru kwa moyo wote, na hakurudi kwenye kwaya.

Suhaila, mwenzake wa jikoni, mzaliwa wa Tanga, hana subira na jambo hili.

"Shoga, sisi eda ikisha imekwisha, mtu unavaa unatoka," anamwambia huku akikoroga sufuria. "Wewe umeolewa na kitambaa?"

"Nimeolewa na watu, Suhaila. Watu wenyewe ndio hawajasema nenda."

Suhaila ananigeukia. "Muulize harusi ya binti yangu ilikuwaje. Kapika pilau yote yeye, tangu alfajiri, kule ukumbini Richmond Hill. Taarabu ilipoanza, simwoni. Namkuta kajikunyata kwenye gari langu, baridi ile! Ikabidi nichukue sahani, tukala mle garini wote wawili. Mimi, mama wa bibi harusi!"

Anasema kwa hasira, lakini macho yake hayana hasira hata kidogo.

Nyumbani Weston, Jacqueline, sasa ana miaka kumi na miwili, anaelewa kila neno la mama yake na kujibu kwa Kiingereza. Jumapili moja alimkuta mama amepiga magoti na kitambaa kichwani. Alikiondoa taratibu, akakikunja, akamwambia basi, sasa imekwisha.

"Nililia, nikamkumbatia," Dorotea anasema. "Nikamwambia, asante mwanangu, lakini wewe huna cheo hicho. Nikakivaa tena. Iliniuma kumvunja moyo."

Halafu Februari mwaka huu Amang akapata kiharusi. Upande wa kushoto umelegea, na maneno yanamtoka kwa shida. Wanawe walipiga simu: mila inawaruhusu kumfunua kwa niaba ya baba, asihangaike. Dorotea aliwashukuru na kukataa. Yule aliyekunja suruali akaingia majini ndiye anayemtaka, na anamtaka angali hai.

Aliomba likizo ya miezi mitatu, akapewa wiki mbili. Safari ya huko na kurudi, mabasi na kivuko juu, itakula siku nne, na zinazobaki hazimtoshi kukaa na baba mgonjwa. Ameandika barua ya kuacha kazi, kazi yenyewe ya dola kumi na mbili kwa saa, na nauli ya watu wawili imefagia akiba yote. Shule zikifungwa tu, anaondoka na Jacqueline. Akirudi ataanza upya kutafuta kazi.

"Baada ya kunawishwa, nitaomba jembe," anasema. "Utakuwa msimu wa vitunguu. Nataka Jacqueline anione nikilima."

Nikamuuliza swali nililoliogopa: je, kama mzee hataweza tena? Kitambaa hicho hushikwa kwa mikono miwili.

Dorotea aliweka kisu chini. Alisema hofu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya apige simu wiki iliyopita. Ilisikika sauti ya mke wa mzee ikimhimiza, kisha mzee akajikaza akasema, neno moja moja:

"Mkono mmoja ninao. Wa pili nitaazima kwa mama yako. Wewe lete kichwa tu."