Poda ya Malaika

Nilifundisha shule za msingi tangu ujana hadi kustaafu, kuanzia upande wa Karurumo mpaka Mitunguu, na kila nilipohamishwa sifa ya ukorofi ilinitangulia. Sikuikataa. Katika shule yangu ya kwanza, karibu na Karurumo, niliwakuta watoto wamepangwa kwa madawati: wenye alama nzuri mbele, waitwao wajinga nyuma, na nyuma yao kabisa watoto waliotoka Mbeere, kule chini kwenye joto, ambao wenzao waliwaita walioungua. Asubuhi moja nikachanganya madawati yote. Kamati ya shule ilipomkataa mtoto asiyeweza kutembea kwa kisingizio cha ngazi, nilibeba mawe na wanafunzi wangu, tukajenga mteremko hadi mlangoni, kisha nikamwalika mwenyekiti aje aupande yeye mwenyewe. Vitabu vya kusomea tulivyorithi kwa wakoloni vilijaa watoto wa kizungu na makoti yao. Nilivifungia kabatini, nikaandika ubaoni hadithi za kahawa na mbuzi wetu. Mkaguzi aliniambia nitafutwa kazi. Sikufutwa.

Najisifu, ndiyo. Lakini nataka ujue ni mtu wa namna gani aliyefanya kosa ninalolieleza hapa.

Katika shule hiyo ya kwanza, kila mwaka siku ya kufunga, watoto waliigiza kuzaliwa kwa Yesu mbele ya wazazi na wazee wa kanisa. Mchezo ule ulikuwa mikononi mwangu. Malaika alikuwa msichana mweupe, yaani mweupe wa kwetu, maji ya kunde. Askari wa Herode walikuwa watoto wa Mbeere. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ofisini palitundikwa picha ya malaika iliyoachwa na wamishonari, nasi tulichagua mtoto wa kufanana nayo bila hata kuitazama. Kila mwaka nilisimama mbele ya darasa nikauliza nani anataka kuwa malaika. Ilinyooka mikono miwili mitatu, ya wasichana wenye rangi hiyohiyo. Wengine niliwaona waoga tu, nikaendelea na kazi.

Mwaka wangu wa saba pale kulikuwa na msichana kutoka Mbeere, mweusi tititi, aliyekaa na shangazi yake mchuma kahawa. Jioni moja nilimsikia akifagia darasa huku akisema maneno ya malaika, yote, bila kukwama, kwa sauti iliyonifanya nisimame dirishani na chaki mkononi. Niliingia nikamwambia kwamba mwaka huu malaika ni yeye.

"Mwalimu, mimi ni mweusi," akasema. "Mimi ni askari."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna mtu aliniambia. Ni wewe huchaguanga."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ananikumbusha tu, kana kwamba nimesahau zamu za kufagia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mimi, niliyepigana na kamati na mkaguzi, nilikuwa nimewapanga watoto kwa rangi kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimpa nafasi ile siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Mimi sina shida, mwalimu," akasema. "Lakini wazazi watasema tunacheza na mambo ya Mungu. Hata picha si unaiona?"

Nilipanda juu ya kiti nikaitoa picha ukutani, nikamwekea mezani. Hapo mazungumzo yakaisha. Lakini msichana hakuogopa picha. Aliogopa kuchekwa. Kila baada ya mazoezi aliniuliza kama watu watamcheka, na kila mara nikamwahidi kwamba hawatacheka, kana kwamba midomo ya watu ilikuwa mali yangu.

Siku yenyewe niliingia ofisini nikamkuta amevishwa shuka, uso wake wote umepakwa poda ya watoto wachanga. Kiongozi wa akina mama wa kanisa, aliyekuwa akiwavalisha watoto, alikuwa ameridhika na kazi yake.

"Nimemsafisha kidogo, mwalimu, atokee vizuri."

Nilimjibu maneno ambayo baadaye ilinibidi kumwomba radhi, ingawa si kwa yote. Nikachukua karai la maji na kitambaa. Msichana akarudi nyuma.

"Usinioshe, mwalimu. Hivi hawatanicheka."

Kitambaa kilikuwa kinanidondoshea maji viatuni. Ningeweza kumshika nikamwosha, na ningekuwa mtu mwingine tena anayeamua juu ya uso wake. Nikaweka karai mezani mbele yake. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kama watacheka, lakini nitakuwa nimesimama pale mbele. Kisha nikamtoa yule mama nje, nami nikatoka. Katika kazi yangu yote sijawahi kufanya jambo gumu kuliko kuufunga mlango ule.

Alitoka na uso wake mwenyewe, maji yakitiririka kidevuni hadi kwenye shuka. Akapanda juu ya meza iliyowekwa mbele ya wazazi. Mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wawili wakamfuata. Nikamtazama msichana, naye hakunitazama. Alisubiri kicheko kiishe, kama mwalimu anavyosubiri darasa litulie, ndipo akawaambia wachungaji wasiogope. Alisema mpaka mwisho, na hakuna aliyecheka tena. Mlangoni shangazi yake alikuwa amesimama, mikono miwili kichwani, akilia bila kujificha.

Mwaka uliofuata nilisimama mbele ya darasa lile nikauliza, kama kawaida, nani anataka kuwa malaika. Mikono ilinyooka chumba kizima, hata ya wavulana, hata ya watoto wote wa Mbeere. Nilisimama nikiitazama, nikashindwa kuendelea na somo. Kwa miaka saba nilikuwa nimedhani ni waoga.